Uliye Mbali na Upeo wa Macho Yangu

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi Kanazawa, mji wa Japani ambao theluji yake huanguka nzito, yenye maji. Nilipanga kwa mama mmoja mjane aliyevuka miaka sabini. Nilimwita Okaasan, yaani mama.

Kila mwezi alipokea bahasha kutoka Kagoshima, kusini kabisa mwa Kyushu. Nilidhani ni ya ndugu yake. Akasema hapana, ni mwenzake wa buntsu. Akaniandikia neno hilo pembezoni mwa gazeti: herufi ya kwanza ni maandishi, ya pili ni kupita hadi upande wa pili. Walianza kuandikiana wakiwa wasichana wa shule na hawakuwahi kukutana. Mimi niliyekulia Tanga nikiambiwa barua ni nusu ya kuonana, sikuhitaji maelezo zaidi.

Jioni moja ya Oktoba tukalinganisha. Barua yao hufunguliwa kwa neno haikei, kisha hutajwa majira: baridi ya kwanza, maua ya cheri, joto la Agosti. Yetu, nikamwambia, huanza na afya. Nikamfasiria kama tulivyozoea kuandika: mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Akaniomba nirudie. Akayatamka mwenyewe kwa Kijapani, taratibu, mara mbili.

Novemba bahasha haikuja.

Desemba nilirudi kutoka chuoni nikamkuta kaketi na kadi yenye maandishi ya kijivu. Huko, nyumba yenye msiba huwaarifu watu mapema ili wasiiletee kadi za heri ya mwaka mpya. Aliyeandika ni binti wa mwenzake. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Usiku ule Okaasan alichukua karatasi amjibu yule binti. Barua ya rambirambi kwao haina salamu za majira. Unaingia kwenye msiba moja kwa moja. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Zaidi ya miaka hamsini alikuwa ameanza na hali ya hewa.

"Yale maneno ya kwenu," aliniuliza, "naweza kuyaweka hapa?"

"Yaweke, mama."

Asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye sanduku jekundu la posta. Alipangusa theluji iliyoziba tundu lake, akatumbukiza bahasha, akainama.