Dawati la kale la mfuniko: kagua bawaba kabla ya kuuliza bei

Waingereza na Wamarekani wa karne ya 18 walitengeneza kwa wingi dawati lenye droo tatu au nne chini, mfuniko wa mshazari juu yake, na ndani vishubaka vya barua pamoja na vidroo vidogo. Mengine yamebeba kabati la vitabu juu. Ukishafunga mfuniko, karatasi zote zinabaki ndani na sebule inaonekana safi, ndiyo maana wanaoishi kwenye nafasi finyu wanayatafuta tena. Wanunuzi wengi hutazama kwanza rangi ya mbao na vishikio vya shaba. Anza na mfuniko, maana huko ndiko madawati haya huharibikia.

Bawaba kazi yake ni kugeuza mfuniko tu, si kuubeba. Ukifunguka, unatakiwa ulale juu ya mikono miwili ya mbao inayovutwa kutoka kulia na kushoto kwa droo ya juu. Mtu akisahau kuivuta, uzito wote unaangukia bawaba mbili zilizoshikwa na skrubu fupi. Akiegemeza viwiko tu, skrubu zinang'oka na kuondoka na vipande vya ubao. Kwa hiyo vuta mikono yote miwili mpaka mwisho, fungua taratibu, kisha weka pimamaji juu ya mfuniko. Uso wake uwe sawa na sakafu ya vishubaka. Ukizama kwa mbele, mikono imelika kwa kuvutwa miaka mingi. Ukiinama upande mmoja, bawaba ya upande huo ndiyo inayoteseka. Dawa yake si ngumu: gandisha kipande chembamba cha mbao ngumu chini ya mkono uliolika, milimita 1 au 2, ili uinuke tena bila kukwama kwenye tundu lake.

Sasa tazama skrubu za bawaba. Zikiwa na kichwa cha msalaba, ziliwekwa baada ya miaka ya 1930, hata kama dawati lenyewe ni la zamani zaidi. Hilo peke yake halina ubaya. Ubaya ni pale mtu alipotia skrubu ndefu au nene zaidi ili zishike: ndefu hutokeza upande wa pili, nene hupasua ukingo. Vijiti vya meno vilivyochovywa gundi na kupachikwa kwenye tundu lililolegea navyo huachia tena baada ya muda.

Kutengeneza kwake ni hivi. Mwombe mtu ashike mfuniko, fungua skrubu, na uandike kila bawaba imetoka wapi, kwa kuwa hazilingani hata zikionekana pacha. Toboa tundu lililochakaa mpaka ufikie mbao nzima, kipenyo cha milimita 8 kinatosha mara nyingi. Lizibe kwa kizibo cha mbao ya aina ileile, kilichokatwa ili nyuzi zake zilale sambamba na za ubao. Kijiti cha duara cha dukani hakifai hapa: nyuzi zake husimama wima, na skrubu inayoingia kufuata nyuzi haishiki vizuri. Tumia gundi ya ngozi za wanyama, ile ya kupashwa moto, maana fundi atakayekuja baadaye ataweza kuilegeza kwa joto na maji bila kuvunja kitu. Iache ikauke siku nzima. Kwa skrubu ya milimita 3.5, toboa njia ya milimita 2. Shaba ni laini na hukatika shingo, kwa hiyo pitisha kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, kisha paka ile ya shaba nta ya mshumaa na uikaze kwa mkono. Drili ya umeme usiikaribishe hapo.

Kama ukingo wenyewe umemeguka, kizibo hakitasaidia. Patasi ndiyo itakayofanya kazi: kata sehemu mbovu iwe na kingo safi, kisha pachika kiraka cha mbao ileile. Kazi hii mpe fundi aliyezoea samani za kale.

Mfuniko huohuo unaeleza umri. Mingi imetengenezwa kwa ubao unaokwenda kulia na kushoto, ukizuiwa usipinde na vipande viwili vilivyofungwa kwenye ncha, nyuzi zake zikikingama. Mbao husinyaa kwa upana, wala si kwa urefu. Baada ya miaka mingi ubao umepungua, vipande vya ncha vimebaki vilevile, hivyo vinatokeza kidogo. Pitisha kidole utahisi ngazi. Usizirande zilingane. Na ukiona ufa mrefu, usiujaze kwa bondo gumu, kwa sababu ubao utaendelea kutanuka na kusinyaa na ufa mpya utazaliwa pembeni.

Toa droo zote uzipindue. Maungio ya pembe yaliyokatwa kwa mkono hayalingani: meno machache, na mstari uliochorwa na fundi kabla ya kukata bado unaonekana. Meno mengi yaliyofanana kabisa ni ya mashine, kwa kawaida ya mwisho wa karne ya 19 au baada yake. Sakafu ya plaiwudi inamaanisha karne ya 20, au ukarabati. Alama za msumeno zilizopinda ni za msumeno wa duara. Zilizonyooka zinaweza kuwa za zamani zaidi. Ndani ya uso wa droo hesabu matundu: yakizidi yale ya vishikio vilivyopo, vishikio vimebadilishwa.

Marekani madawati mengi ya karne ya 20 yaliuzwa kwa jina la Governor Winthrop. John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, alifariki 1649, kabla mtindo huu haujaenea, kwa hiyo jina halithibitishi umri wowote. Hata hivyo ni madawati ya kutumika, na kwa nyumba ya kawaida ningeyapendelea kuliko la kale lililochoka.

Lenye kabati juu linahitaji jicho kali zaidi, kwani vipande viwili visivyo ndugu huunganishwa ili bei ipande. Inua kabati utazame sehemu ya dawati linapokaa. Ikiwa imenakshiwa au kupakwa rangi nzuri mahali ambapo hapaonekani, huenda dawati lilizaliwa bila kabati. Linganisha pia mbao za mgongoni, juu na chini.

Kuhusu rangi, jaribu tone la spiriti kwenye pamba, mahali palipojificha. Ikinata na kulainika haraka, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi ya asili, na inaweza kurekebishwa bila kukwangua. Msasa usiuguse. Vitundu vya milimita 1.5 hadi 2 ni vya wadudu waliotoka. Unga mpya mweupe chini yake ndio wa kuogopa. Weka karatasi nyeusi chini ya dawati wiki chache uone kama unga unadondoka.

Kabla ya kulipa, kaa mbele yake. Droo zimejaa chini, hivyo magoti yanapata nafasi chini ya mfuniko pekee. Kwa barua, bili na kompyuta mpakato ya saa moja, linafaa sana. Kwa kazi ya kutwa, mgongo utakuuma. Lisikae karibu na kipasha joto wala kwenye jua la dirishani.

Likisafirishwa, toa droo, tenga kabati, funga mfuniko kwa kamba ya kitambaa. Gundi ya utepe hubandua shelaki. Inueni kwa kushika sehemu ya chini, kamwe si kwa nakshi ya juu. Ufunguo ukikosekana usivunje kufuli: wakati mwingine droo ya juu yake ikitoka, kufuli linaweza kufikiwa kutoka ndani.