Miguu ya mama na kikopo cha dawa

Jumamosi usiku, Tanga

Mguu wa mzee ukivimba mtaani kwetu, kila mtu anageuka mganga. Tangu mama aanze kujaa miguu nimeambiwa ni uzee, ni baridi ya sakafu, ni matende, na jirani mmoja alinivuta pembeni kuniuliza kama nina hakika hajakanyagishwa kitu. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anameza dawa gani.

Asubuhi anaamka miguu iko sawa. Ikifika alasiri, mkanda wa ndala umeshachora mfereji juu ya wayo. Ukimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, ukatulia kidogo kisha ukaachia, kishimo kinabaki pale pale kama kwenye unga wa maandazi. Inavimba yote miwili, sawasawa, bila maumivu wala joto.

Kwamba ni yote miwili, daktari aliliandika kabla ya kitu kingine chochote. Ungekuwa mguu mmoja, umevimba ghafla, shavu la mguu linauma na lina moto, angewaza damu iliyoganda kwenye mshipa. Hilo huwapata zaidi waliolala kitandani muda mrefu, waliotoka kufanyiwa upasuaji, hata waliosafiri na basi kutwa kucha bila kunyoosha miguu. Mguu wa namna hiyo haungoji kesho, kwa sababu bonge lile likichomoka huenda kukwama kwenye mapafu. Na usichuliwe! Sisi watu wa Pwani mguu ukivimba tu, mafuta ya nazi yameshapashwa moto.

Maswali yaliyofuata mengine yalimchekesha mama. Analala na mito mingapi? Anaamka usiku akitafuta pumzi? Anahema akipanda ngazi? Mimi sikucheka, maana nilimkumbuka marehemu babu, aliyemaliza miezi yake ya mwisho akilala kwenye kiti. Moyo ukichoka kusukuma, maji hurudi nyuma: mchana yanateremka miguuni, ukilala chali yanapanda kifuani. Akaulizwa kama uso huvimba asubuhi kuzunguka macho na kama mkojo una povu, hapo inatafutwa figo inayovujisha protini. Tumbo likapapaswa kwa ajili ya ini. Akaulizwa hata anakula nini, maana mzee anayeishi kwa chai na mkate protini ya damu hushuka, na maji hayana cha kuyashika ndani ya mishipa. Mkojo ukapimwa, na damu pia.

Matende nayo hayakudharauliwa, hapa ni Tanga. Lakini minyoo ile inayoletwa na mbu huziba mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, taratibu, kwa miaka, na mguu uliokwisha kukomaa kwa matende ngozi yake inakuwa ngumu na nene, haushuki asubuhi ukapanda jioni. Wa mama unashuka. Kuna pia vena zenyewe, mishipa ya kurudisha damu moyoni, kuchoka: vile vilango vya ndani vinavyozuia damu isirudi chini vinalegea, na mtu anayekaa barazani kutwa miguu ikining'inia anaona matokeo jioni, ngozi ya kifundoni ikaanza na kupiga weusi. Daktari alisema sehemu ndogo ya uvimbe wa mama huenda ni hiyo.

Halafu akaomba dawa. Mama huziweka zote kwenye kikopo cha maziwa ya unga, na hapo mezani zikamwagwa.

Amlodipini ya presha. Mwanzo alikuwa anameza ya miligramu 5, halafu kliniki moja ikampandisha hadi 10. Miguu ilianza kujaa baada ya hapo. Alipokwenda kwingine kulalamikia miguu, akapewa furosemidi, ile dawa ya kukojoza. Ikawa usiku kucha anakwenda chooni, na choo kiko uani. Asubuhi anasimama huku kashika ukuta, kizunguzungu. Na chini kabisa ya kikopo kulikuwa na diklofenaki anayojinunulia duka la dawa kwa ajili ya magoti, ambayo hakuwahi kumtajia mtu kwa sababu kwake yeye "hiyo si dawa, ni ya maumivu tu."

Nilivyoelezwa ni hivi. Amlodipini inatanua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha haitanuki vilevile, kwa hiyo shinikizo linasukuma maji yatoke nje kwenye nyama. Dozi ikipanda, uvimbe hupanda, na wanawake hupata zaidi. Mwili haujazidiwa na maji, maji yamehama mahali tu, ndiyo maana dawa ya kukojoza haisaidii sana. Diklofenaki nayo inafanya figo zishike chumvi na maji, inapandisha presha yenyewe, na kwa mzee inaweza kuumiza figo. Yaani dawa moja ilizaa uvimbe, uvimbe ukazaa dawa, dawa ikazaa kizunguzungu, na nina hakika kizunguzungu nacho kilikuwa njiani kuzaa kidonge chake. Kila aliyeandika aliandika kwa nia njema. Ila hakuna aliyekiona kikopo kizima.

Amlodipini imerudishwa 5 na kuongezewa losatani, dawa nyingine ya presha, furosemidi imesimamishwa, diklofenaki imepigwa marufuku. Haya aliyaamua daktari baada ya kuona majibu ya moyo na figo. Mwenye moyo uliochoka furosemidi ndiyo inayomwezesha kulala, kwa hiyo mtu asiende kumnyang'anya mzazi wake vidonge kwa sababu ya shajara yangu.

Uvimbe umepungua, haujaisha. Usiku analala. Tuliyobaki nayo ni magoti, maana vidonge vya parasetamoli anavichukia kuliko magoti yenyewe, na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Mama anauliza ng'onda ahesabiwe kama samaki au kama chumvi. Swali hilo nimeliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, atamuuliza daktari mwenyewe.