Tambi za nguruwe wa kuchoma, Guangzhou

Leo mchana, baada ya asubuhi nzima ya kuzunguka maduka ya vitambaa hapa Guangzhou, kusini mwa China, niliingia katika mkahawa mdogo ambao dirishani mwake vipande virefu vya nyama ya nguruwe vilitundikwa kwenye kulabu, vyekundu na vyenye kung'aa kwa asali.

Wenyeji huiita char siu, yaani nyama iliyochomwa kwenye uma.

Nimezoea kitimoto ya Dar es Salaam, yenye chumvi, ndimu na pilipili, kwa hiyo utamu ule ulinishtua mwanzoni.

Kisha nikafika kwenye kingo zilizoungua kidogo.

Hapo niliweka vijiti chini, kwa sababu uchungu mwembamba wa moto ulikuwa umekutana na asali na mchuzi wa soya kwa namna ambayo sijawahi kuionja, huku tambi nyembamba za mayai, ambazo hazikupikwa hadi kulegea, zikiibeba ladha hiyo hadi mwisho wa bakuli.

Mama mwenye mkahawa aliniongezea supu bila mimi kuomba.

Ndugu zangu mliowahi kula tambi hizi, je, mlizipenda kavu au za supu? Kesho nitarudi.