Gitaa la 1962, au la juzi lenye sura ya 1962?

Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, iliingia sokoni mwaka 1954. Yale magitaa yaliyotengenezwa kabla Fender haijauzwa kwa kampuni ya CBS mwanzoni mwa 1965 leo yana bei ya kiwanja. Fender yenyewe ilianza kuyatolea nakala mwaka 1982, kwa mitindo ya 1957 na 1962. Mpiga benga, muziki wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, wa Kisumu au Kakamega anayetaka ule mlio mkavu, unaosikika wazi juu ya besi, hahitaji gitaa la 1962. Anahitaji kujua ni vitu gani vya enzi ile vinavyoleta mlio huo, na vipi ni usumbufu tu uliorithiwa.

Anza na shingo. Ubao wa vidole wa Fender ya zamani umejipinda kwa nusu kipenyo cha inchi 7.25, sawa na milimita 184. Mengi ya kisasa yana inchi 9.5, na freti zake, vile vyuma vinavyokatiza ubao, ni pana zaidi. Anayevuta nyuzi kama wapiga bluzi atakuta, kuanzia freti ya 12 kwenda juu, noti inakatika ghafla: uzi umesukumwa katikati ya ubao, palipoinuka, ukagusa freti za mbele. Dawa ni kuinua nyuzi. Ukipimia freti ya 17, acha milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyembamba. Lakini benga haivuti nyuzi sana. Inadonoa noti moja moja kwa kasi, tabia ya nyatiti, kinubi cha Waluo, na ubao uliojipinda vile hauchoshi mkono unaoshika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) tangu jioni mpaka alfajiri. Kwa benga, chukua 7.25 bila wasiwasi. Kwa nyimbo za injili zenye solo ndefu za kuvuta, 9.5 ni bora.

Chuma cha ndani ya shingo, trasi rodi, ndicho kinachonifanya nisipende nakala zilizo aminifu kupita kiasi. Katika gitaa la zamani, nati yake iko kwenye kitako cha shingo, ndani ya mwili. Katika la kisasa iko kichwani: unaingiza ufunguo wa aleni, unazungusha, basi. Gitaa lililopangwa Nakuru wakati wa kiangazi likishushwa Kisumu msimu wa mvua, unyevu wa ziwa huisogeza shingo. Bana nyuzi kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibanio cha nyuzi), finya uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya 17, kisha pima nafasi iliyopo juu ya freti ya 8. Milimita 0.3 inatosha. Ikizidi, kaza, ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza, na usipite thumni ya mzunguko kwa mara moja. Kwa shingo ya mtindo wa zamani, kila jaribio ni kulegeza nyuzi, kufungua skrubu nne, kuinua shingo, kufunga na kupanga nyuzi upya. Matundu ya skrubu hulika. Yakishalegea, jaza vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke usiku kucha, vikate visawazike na mbao, ndipo urudishe skrubu.

Sasa pikapu, kile kifaa cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, maana hapo ndipo mlio unapozaliwa. Pikapu ya Stratocaster ya zamani ina sumaku sita za alniko (mchanganyiko wa metali) na waya wa shaba wa geji 42, mwembamba wa milimita 0.063 hivi. Multimita, kipimo cha umeme, husoma kiasi cha kiloomu 5.5 hadi 6.5. Nakala nzuri hufika hapo hapo, na sikio la kawaida jukwaani halitazitofautisha. Shida ni kimo cha sumaku. Zilipangwa wakati uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, kwa hiyo sumaku yake imesimama juu. Leo uzi wa tatu ni mtupu, na unapiga kelele kuliko wenzake, hasa kwenye ile mitindo ya kuitikiana ambayo kazi kubwa iko kwenye nyuzi tatu nyembamba. Usisukume sumaku kwa bisibisi: waya umezungushwa moja kwa moja juu yake, na utakatika. Tafuta pikapu yenye sumaku zilizosawazishwa.

Kimo cha pikapu nzima kina sheria yake pia. Finya uzi kwenye freti ya mwisho, kisha acha milimita 2.4 chini ya uzi wa sita na 2 chini ya uzi wa kwanza. Ukiikaribisha zaidi, sumaku huvuta uzi, na noti za juu za nyuzi nene hutikisika kana kwamba gitaa halipangiki. Wengi hapo hulaumu funguo za kukazia nyuzi, wakanunua mpya, na ugonjwa ukabaki.

Swichi ilikuwa ya nafasi tatu mpaka 1977, ndipo Fender ikaweka ya nafasi tano. Magitaa mengi ya sasa yana pikapu ya kati iliyogeuzwa waya na sumaku, hivyo nafasi ya 2 na ya 4 huua mvumo wa umeme. Nakala zilizo aminifu kupita kiasi hazina hilo. Kwenye matanga, ukipiga karibu na jenereta na taa za tyubu, utaujua umuhimu wake. Kabla ya kulipa, chomeka gitaa, usiguse nyuzi, hamisha swichi kutoka 1 kwenda 2. Mvumo usiposhuka, pikapu haikugeuzwa.

Ukiletewa gitaa linalodaiwa kuwa la zamani, usiishie kwenye namba ya bamba la shingo, kwani bamba huhamishwa. Fungua ubao wa mbele utazame migongo ya vidhibiti vya sauti. Namba 1376423, kwa mfano: 137 ni mtengenezaji CTS, 64 ni mwaka 1964, 23 ni wiki ya 23. 304 mwanzoni ni mtengenezaji mwingine, Stackpole. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya kidhibiti chake kutengenezwa, ila linaweza kuwa la baadaye. Lehemu inayong'aa mahali pamoja tu inamaanisha mtu alishaingia humo. Multimita isiposoma chochote kwenye pikapu, waya umeliwa na kutu. Fundi anaweza kuuzungusha upya na italia vizuri, lakini bei ya kiwanja ishaondoka, kwa hiyo ipunguze kabla hujatoa hata shilingi.