Furu sita kwenye karatasi moja

Wiki hii yote nimelala na kuamka na samaki. Kuna wachoraji wa hapa Mwanza wamepata ukumbi kwenye makumbusho kwa ajili ya maonyesho ya picha za Ziwa Victoria, na mimi nimepewa kazi ya kubuni bango na tiketi. Kazi ya namna hii huwa inakuja na bango lake tayari kichwani mwa aliyeileta: Jiwe la Bismarck, jua linazama, mtumbwi mmoja. Sina ugomvi na jiwe, ni zuri. Ila bango la maonyesho linatakiwa limwonjeshe mtu kitu ambacho hajakiona, na lile jiwe mkazi wa Mwanza keshaliona, pengine asubuhi hiyohiyo akiwahi kazini.

Nikapendekeza furu.

Mwalimu anayewaongoza hao wachoraji, mtu mzima aliyefundisha sanaa miaka mingi, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, furu? Watu si watadhani tunauza kitoweo?"

"Mwalimu, nivumilie kidogo nikuonyeshe picha."

Furu siyo samaki mmoja. Ni spishi zaidi ya 500, na walio wengi hawapatikani kwingine duniani zaidi ya ziwa letu hili. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na alipochachamaa miaka ya 1980 aliwamaliza wengi. Kati ya waliosalia yumo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Baba wa Taifa. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu. Jike humtambua mume kwa rangi. Kwenye maji maangavu, kama yale ya miamba ya kisiwa cha Makobe, kila jike hupata wa kwao. Maji yakishakuwa ya tope, kama pale Luanso ndani ya Ghuba ya Mwanza, nyekundu na buluu havitofautiki tena, na spishi hizo mbili zinachanganyika. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliliandika hilo mwaka 1997. Mimi ninayeishi kwa kupanga rangi, habari hiyo ilinikaa rohoni: samaki anapoteza ukoo wake kwa sababu tu rangi haikuonekana.

Mwalimu alivaa miwani yake. Tukakubaliana.

Sasa ile buluu. Kwenye skrini inang'aa kwa sababu skrini ni mwanga. Mashine ya kuchapia haina mwanga, ina wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, basi. Buluu kali ikipita humo inatoka imepooza, utadhani na yenyewe imechotwa Luanso. Huwezi kuilazimisha. Unachoweza ni kuipa jirani mzuri: dume la buluu nimelilaza juu ya rangi ya chungwa iliyokolea, jicho linadanganyika lenyewe na kuiona buluu kali kuliko ilivyo. Dume jekundu likapata nusu ya pili ya bango, kijani cha maji ya asubuhi. Ukubwa ni A2, milimita 420 kwa 594, na maandishi ni yale tu ambayo abiria aliyebanwa dirishani kwenye daladala pale Buzuruga anaweza kuyasoma kabla konda hajagonga bati: jina la maonyesho, mahali, tarehe, kiingilio. Mfadhili mmoja aliomba nembo yake iwe kubwa kuliko samaki. Ipo chini, pembeni, inasomeka vizuri ukisogea.

Lakini raha yangu yote ipo kwenye tiketi. Bango watu wanalipita, tiketi mtu anaishika, anaikunja, anaisahau mfukoni, anakuja kuikuta siku ya kufua. Nimeipa milimita 90 kwa 200, na nimeacha milimita 3 za ziada kila upande ili kisu cha mkataji kikiteleza kidogo pasionekane ukingo mweupe. Kwa kipimo hicho, karatasi moja ya mashine, ile ya 320 kwa 450, inabeba tiketi sita. Na kama ni lazima zitoke sita kwa mpigo, kwa nini zifanane? Gharama ni ileile. Nikachora furu sita tofauti. Kipande cha kuchania kwa mlinzi wa mlangoni kina mkia na namba, kichwa na jicho anaondoka navyo mgeni. Watoto watabadilishana, nina hakika. Na wakubwa watafanya kama hawabadilishani.

Jana mwalimu alinipigia simu kwa jambo moja tu. Wachoraji wawili katika kundi wamelelewa kwa fedha za sangara, baba zao ni wavuvi, na wanaona siyo haki kumwacha nje kabisa. Ada za shule zililipwa na nani? Hoja ina uzito, sikubishana. Lakini kumtoa furu mmoja ili sangara aingie, hapana, hiyo imeshatokea mara moja na inatosha.

Nimemtengenezea sangara tiketi zake peke yake, za waalikwa. Si aliletwa? Waalikwa hawalipi kiingilio.