Betri Haikuwa Mbovu: Uzoefu Wangu na Vifaa Nilivyofunga Kwenye Krosova Mpya

Kama una krosova mpya na mtu amekwambia betri yake ya kiwandani ni dhaifu, usitoe hela kabla hujapima. Mimi niliambiwa hivyo na karibu kila aliyeinamia boneti yangu, wote wakiwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika mita. Betri ninayotumia leo ni ileile iliyokuja na gari. Tatizo nililitafuta mwenyewe kwa mita ya bei rahisi na bisibisi, na nilipolipata nilifurahi kuliko siku niliyokabidhiwa ufunguo.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Tangu Toyota walipotoa RAV4 mwaka 1994, wazo la krosova limebaki lilelile: umbo la gari dogo, bodi na chesisi vikiwa kitu kimoja, likanyanyuliwa na kupewa buti kubwa. Unakaa juu, lakini kwenye kona halikuyumbishi kama pikapu. Nilichokipenda mapema ni ile swichi ya kushikilia breki: ukisimama kwenye foleni unaachia pedali na gari halisogei mpaka uguse mafuta. Rada za kona za nyuma, zinazowasha taa kwenye kioo cha pembeni gari jingine likikujia upande usiouona, nazo zimeshanizuia kuhama njia wakati mbaya.

Ila mambo yote hayo yanaendeshwa na kompyuta ndogondogo nyingi, na zote zinakula betri moja. Ukizima gari hazilali papo hapo. Nyingine zinabaki macho dakika kumi, nyingine nusu saa na zaidi, na ukifungua mlango tu zinaamka tena. Anayefunga vifaa bila kulijua hilo anakuachia mzigo.

Kwangu mzigo ulikuwa kamera ya dashibodi. Nilitaka inayorekodi hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo haikuchomekwa kwenye tundu la kiberiti, ilivutiwa umeme kutoka kwenye boksi la fyuzi. Seti yake ina nyaya tatu: wa njano unakwenda kwenye umeme wa kudumu, mwekundu kwenye umeme unaokatika ukizima gari, mweusi ni ethi. Ule mwekundu ndio unaoiambia kamera, "Sasa gari limezimwa, punguza matumizi, rekodi kukiwa na mshtuko tu." Fundi alifanya kazi safi kwa macho, waya hauonekani popote, akanionyesha picha zinavyotoka, nikaondoka nimeridhika.

Dalili ya kwanza haikuwa gari kugoma kuwaka. Ilikuwa ule mfumo unaozima injini kwenye foleni na kuiwasha ukiachia breki. Uliacha kufanya kazi. Nilipouliza, jibu lilikuwa, "Afadhali, ule unaua stata." Hili jibu linanikera mpaka leo. Mfumo ule hupima betri kwanza. Ukiona chaji imepungua unakataa kuzima injini kwa sababu hauna hakika wa kuiwasha tena. Ukiacha kufanya kazi kwa siku mfululizo, na hali ya hewa haijabadilika wala hujawasha kiyoyozi kwa nguvu zote, gari linakueleza habari ya betri yake. Msikilize huyo kabla ya mtu yeyote.

Baadaye skrini ikaanza kuandika kwamba baadhi ya vifaa vimezimwa ili kuokoa betri. Halafu, baada ya gari kukaa siku chache bila kutoka, likagoma. Taa za dashibodi zikacheza, relei ikagonga ta-ta-ta, basi. Tukalibusti, likawaka, na ushauri ukaanza kumiminika.

Wa kwanza: betri ya kiwandani haina maisha, nunua kubwa zaidi. Magari yenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni hutumia betri za aina maalumu, AGM au EFB, zinazostahimili kuwashwa mara nyingi. Ukiweka ya kawaida, hata iwe kubwa namna gani, itachakaa haraka. Na kama kuna kitu kinanyonya umeme usiku, betri kubwa itachelewa kufa tu.

Wa pili: alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, imekufa. Huyu angalau alipima, akakuta volti 12.9 injini ikiwa inaunguruma, akatikisa kichwa. Magari ya siku hizi alteneta yake inaongozwa na kompyuta. Betri ikiwa imeridhika inashusha chaji ili kuokoa mafuta, ukipunguza mwendo inapandisha. Nilimwomba awashe taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma kwa pamoja, na mita ikapanda hadi zaidi ya 14 mbele ya macho yake. Alteneta nzima.

Mwingine alitaka kuchomoa tamino ya betri injini ikiwa inawaka, aone kama itazima. Nilishika mkono wake. Kwa magari ya zamani yenye kabureta watu walifanya hivyo na kuondoka salama, lakini kwenye gari lililojaa kompyuta ile tamino ikitoka ghafla volti zinaruka juu, na kinachoungua ni cha gharama kubwa. Mtu akikuomba kufanya hivyo kwenye gari lako, funga boneti uondoke.

Kisha akaja wa fyuzi. Wazo lake lilikuwa zuri: weka mita katikati ya tamino hasi na waya wake, soma umeme unaotoka gari likiwa limezimwa, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Gari lililolala vizuri kwa kawaida halizidishi miliampea 50. Ila alifanya milango ikiwa wazi, boneti wazi, rimoti iko mfukoni mwangu. Mita ikasoma ampea kadhaa, akachomoa fyuzi, namba ikashuka, akairudisha, namba ikapanda kuliko mwanzo, kwa sababu kila fyuzi inayorudi inaamsha kompyuta iliyokuwa inaanza kusinzia. Tulihangaika mchana mzima. Akahitimisha kwamba tatizo ni redio. Redio haikuwa na tatizo lolote.

Hapo nikaamua kulifanya mwenyewe, na njia niliyoitumia naieleza kwa kirefu kwa sababu ni tamu na haichomoi fyuzi hata moja.

Siri ni kwamba fyuzi yenyewe ina ukinzani mdogo. Umeme ukipita ndani yake, volti kidogo sana inapotea kati ya ncha zake mbili, na ukitazama mgongo wa fyuzi za kisasa utaona vidoa viwili vya chuma vilivyoachwa wazi. Vimewekwa kwa ajili ya kupimia. Unaweka mita kwenye milivolti, unagusa vidoa hivyo kwa ncha mbili za mita. Ikisoma sifuri, hakuna kinachopita. Ikisoma kitu, kuna anayekula. Yapo majedwali yanayokwambia fyuzi ya ukubwa fulani ikisoma milivolti kadhaa ni sawa na miliampea ngapi. Hakikisha mita yako inasoma sehemu ya milivolti, la sivyo utaona sifuri kila mahali.

Lakini kwanza gari lilale. Boksi langu la fyuzi liko chini ya usukani, kwa hiyo mlango wa dereva lazima uwe wazi, na mlango ukiwa wazi gari halilali. Dawa yake: chukua bisibisi, sukuma lile ndoano la kufuli pembeni ya mlango mpaka ligonge kana kwamba limefungwa. Taa ya ndani inazimika na gari linaamini mlango umefungwa. Boneti nayo fanya hivyohivyo kama boksi jingine liko kwenye injini. Shusha kioo kimoja kabla hujaanza, gari likijifunga uwe na pa kuingilia. Rimoti ipeleke mbali kabisa; zile za kufungua bila kubonyeza zikikaa karibu zinaliamsha gari. Ukimaliza, kumbuka kuvuta kitasa ndoano iachie kabla hujabamiza mlango, la sivyo utavunja kufuli.

Toa kifuniko cha fyuzi mapema, kisha ondoka. Nilikwenda kufanya shughuli nyingine kwa karibu saa nzima. Niliporudi nilipiga magoti pembeni ya mlango bila kugusa kitu kingine, tochi mdomoni, nikaanza safu ya juu. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Fyuzi ya kengele ya ulinzi ikasoma kiasi kidogo sana, hiyo ni haki yake. Nikashuka safu ya chini, nikafika kwenye kile kiunganishi cha ziada ambacho fundi wa kamera alikichomeka, chenye fyuzi ndogo ya ampea 5 juu yake. Mita ikaruka: karibu milivolti 7.

Kwa fyuzi ya aina hiyo ni kama miliampea 400. Piga hesabu: ampea 0.4 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 ikikaa siku tatu imepoteza nusu ya chakula chake. Nililala chali kwenye nyasi nikacheka peke yangu kwa raha.

Kamera haikuwa inapumzika kabisa. Nikafuata waya mwekundu, nikalinganisha na mchoro ulio nyuma ya kifuniko, nikaona ulikochomekwa: fyuzi ya tundu la umeme la buti. Fundi aliona alama ya tundu akadhani ni lile la mbele, ambalo hukatika ukizima gari. La buti kwenye gari hili linabaki na umeme saa zote. Kwa hiyo nyaya zote mbili, njano na nyekundu, zilikuwa kwenye umeme wa kudumu, na kamera iliamini usiku kucha kwamba tuko safarini. Juu ya hilo, kikata umeme chake, kile kinachoizima kamera betri ikishuka hadi volti ulizopanga, kiliwekwa volti 11.8. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma kama 12.7, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi, na 11.8 ni karibu tupu. Kikata umeme cha namna hiyo kinafika kwenye ajali watu wameshazikwa.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kusoma aya hii. Waya mwekundu ukahamia fyuzi inayokatika kweli, nikaipima baada ya gari kulala, si gari lilipozimwa tu, maana fyuzi nyingine hukatika kwa kuchelewa. Kikata umeme nikakipandisha hadi 12.4. Ethi nayo nilikuta imefungwa moja kwa moja kwenye tamino hasi ya betri, nikaihamishia kwenye boliti ya bodi, kwa sababu pale kwenye tamino kuna sensa inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga kifaa juu yake, gari halikioni na linakosea hesabu ya chaji. Betri nikaipa chaja taratibu usiku mzima. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni ulirudi wenyewe wiki hiyohiyo, na kwangu hicho ndicho cheti.

Ukifungiwa kamera, tazama pia waya ulivyoshuka kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele. Mle ndani kuna eabegi ya pazia, mfuko wa hewa unaofumuka kufunika vioo vya pembeni gari likigongwa. Waya upite nyuma yake, usikatize mbele. Kamera yenyewe isikae mbele ya ile ya gari inayosoma mistari ya barabara.

Vifuniko vya viti: vile vya kuvisha kiti chochote nilivikataa. Tazama ubavu wa kiti chako. Kama kuna kilebo cha eabegi, kifuniko lazima kiwe na mshono wa upande huo ulioshonwa kuachia eabegi ikifumuka. Vipo, uliza hivyo.

Kapeti za raba ni jambo dogo. Ya dereva iwe moja, ishikwe na vile vibanio vya sakafuni, wala usiiweke juu ya ile ya kitambaa. Ikiteleza ikakandamiza pedali ya mafuta utajuta.

Keria ndiyo iliyonipa raha ya pili. Vyuma viwili vya kukatiza juu ya paa vilipiga mluzi kuanzia mwendo wa wastani, mluzi mmoja mwembamba unaoingia kichwani. Nikaambiwa nizibe ncha kwa gundi, nikaziba, mluzi ukabaki. Nikaambiwa nivisogeze mbele, ukabadilika sauti tu. Nilichofanya mwisho ni kuzungusha kamba nyembamba kwenye chuma cha mbele, mizunguko ya kupanda kama hesi za parafujo, yenye nafasi kati yake, nikaifunga kwa nguvu ncha zote. Kimya. Upepo ukipita kwenye chuma laini unaachia vizunguzungu kwa mpangilio mmoja chuma kizima, na mpangilio huo ndio mluzi. Kamba inavivuruga visiachie kwa pamoja. Ni kanuni ileile ya vile vibati vya mzunguko unavyoviona juu ya mabomba marefu ya moshi viwandani.

Kabla hujapakia, soma kitabu. Kwangu mwisho ni kilo 75, na ndani yake umo uzito wa vyuma vyenyewe na boksi kama unalo. Na ukifunga kibebea baiskeli nyuma, zima breki ya dharura ya kurudi nyuma kwenye skrini, kwa sababu sensa zinaiona baiskeli kama ukuta na gari linajibamiza breki ukigusa tu gia ya nyuma.