Kabla ya ploti, leta simu kwanza

Watu wengi wakinitafuta kuongea mambo ya pesa huku Nakuru huanza na ploti. Ploti ya Kiamunyi, ploti ya Mawanga, ploti ya kuelekea Njoro, fulani amenunua na tunafanya kazi moja, sasa mimi nifanyeje. Hio huwa sijibu kwanza, namwambia alete simu tuone Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha, imesimama ngapi. Kuna wenye hukasirika kidogo, wanaona ni kama nawashusha, lakini mimi ni mweka hazina wa chama na hesabu za watu zimepita mbele yangu kiasi cha kutosha, na naamini kabisa kwamba mwenye kipato kidogo anaweza kufika kwa ploti kama hakuna pesa inayomtoka kila siku bila yeye kuiona.

Tuweke hesabu mezani ndio tusiongee hewani. Fuliza ilianza 2019, na kwa bei zilizopunguzwa 2022 ukichukua kuanzia Sh1,001 kwenda juu hakuna siku za bure, unakatwa asilimia 1 pale pale unapochukua halafu ada ya kila siku hadi umalize. Ukiwa na deni la zaidi ya Sh2,500 hio ada ni Sh25 kwa siku, ushuru sijauongeza. Sasa chukua mtu ako na deni la Sh3,000 na akae nalo siku 20: Sh30 ya kuchukua, Sh500 ya siku, jumla Sh530. Hio Sh3,000 hio hio ukiikopa kwa sacco ya kawaida, chama cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi ungelipa riba ya Sh30 mwezi mzima. Thelathini! Hata Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwa simu, yenye watu wengi walichukua mara moja wakaisahau, ni asilimia 8 kwa mwaka, yaani Sh1,000 ukiirudisha ndani ya siku 14 riba yake ni kama shilingi tatu.

Sisemi Fuliza ni mbaya. Usiku mtoto amechemka na homa na dawa inauzwa, chukua, lipa kesho yake, itakuwa imekusaidia na bei iko sawa. Shida inaanza pale mtu anaiangalia kama sehemu ya salio lake. Unamuuliza uko na ngapi kwa simu anakwambia elfu nne, kumbe hio elfu nne ni nafasi ya kukopa, pesa yake mwenyewe ni sufuri.

Kuna shemeji yangu anauza viatu vya mtumba hapa tao, mwanamke mchapa kazi sana, saa kumi na moja asubuhi ashaamka. Alikuwa analalamika biashara imekufa. Nikamwambia, "Shem, wateja si wako?" Akasema wako. "Sasa imekufaje?" Hakuwa na jibu, akasema tu pesa haikai. Tukatoa stetimenti yake ya M-Pesa kupitia *334#, ikaja kwa imeili, tukaiprinti kwa cyber, tukakaa nayo kwa meza na kalamu nyekundu. Nikamwambia apige mstari kila mahali pesa ya mteja imeingia na dakika hio hio ikamezwa kulipa Fuliza, juu hivyo ndivyo inafanya kazi, pesa yoyote ikiingia kwa laini inaanza na deni kabla wewe hujaiona. Mteja analipa kiatu Sh1,200, inamezwa. Jioni anataka kuongeza stoki, hana kitu, anafuliza tena, asilimia 1 inakatwa upya. Kesho vile vile. Ukurasa wa kwanza ukajaa wekundu, wa pili ukajaa, wa tatu akaweka kalamu chini akasema, "Shem, kumbe nafanyia simu kazi." Alafu akachukua kalamu tena akaendelea hadi mwisho, hakutaka nimsaidie.

Venye alitoka huko si siri kubwa. Kwanza alitenganisha pesa ya biashara na laini yake ya nyumbani, akaanza kupokea malipo kwa Pochi la Biashara, ndio pesa ya viatu ijulikane ni ya viatu. Pili, zamu yake ya chama ilipofika hakununua kochi lenye alikuwa amepanga, alilipa deni lote siku moja. Hapo ndipo watu wengi huteleza, wanalipa nusu wakidhani wamepunguza mzigo, lakini ukitoka Sh6,000 ukabaki na Sh3,000 bado unakatwa Sh25 ile ile kwa siku, juu bado uko kwa kiwango kile cha juu. Ni afadhali ungoje upate ya kumaliza yote, ama angalau ya kukushusha hadi Sh1,000 kwenda chini ambako ada inakuwa ni Sh6. Na ukishamaliza unaweza kujitoa kabisa kwa menyu, hakuna mtu amekulazimisha uwe nayo.

Sasa bajeti. Zile bajeti za kugawanya mshahara asilimia hamsini hii, thelathini ile, zimeandikiwa mtu analipwa tarehe moja kila mwezi. Mtu wa boda pale Free Area, fundi wa nyumba, mama mboga wa Wakulima, hao pesa yao inakuja kila siku na haifanani, leo Sh1,400 kesho Sh300. Huyo mtu namwambia ahesabu kwa wiki. Andika vitu vyenye lazima vilipwe kwa mwezi, kodi, stima, chakula, gesi, gawanya kwa nne, hio ndio namba yako ya wiki, na kila jioni kabla ya kulala toa kitu kipeleke upande wa hio namba. Wiki ikifika Alhamisi umeshaimaliza, zinazobaki ni za kupumua na za akiba. Ikifika Jumapili hujaimaliza, unajua mapema, hungoji landilodi abishe mlango ndio ujue. Karo usiiweke kwa mwezi, iweke kwa muhula, juu shule zinafunguliwa mara tatu kwa mwaka na kila mtu anajua ni lini, lakini kila Januari ni kama tumevamiwa. Pesa ya karo yenye unajua hutaiguza kwa miezi mitatu minne iweke kwa mfuko wa soko la fedha (money market fund) wenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, unaweza kuitoa kwa siku chache, na ile faida inakatwa kodi asilimia 15 kabla haijakufikia. Hautatajirika nayo ila itakaa salama mbali na mkono wako.

Kwa wenye payslip, najua mnalia na makato, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF ya pensheni nayo imepanda tangu 2023. Hayo huwezi kuyakwepa. Chenye uko na uwezo nacho ni mikopo, na sheria ya ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani lazima ubaki na theluthi moja. Mimi nakwambia usifike hata karibu na huo mstari, juu mtu anayebaki na theluthi moja ndiye anafuliza tarehe kumi.

Hapa ndipo naunganisha simu na ploti. Sh25 kwa siku ni zaidi ya Sh9,000 kwa mwaka. Sacco nyingi zinakukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hivyo hio Sh9,000 ingekaa kwa sacco ingekufungulia mkopo wa Sh27,000. Mtu anayebeba deni la simu mwaka mzima hajapoteza Sh9,000 peke yake, amepoteza na hio nguvu ya kukopa. Fanya hivyo miaka mitano uone ni kitu gani umeacha barabarani.

Ukiwa na akiba ya Sh100,000 kwa sacco unaweza kuomba Sh300,000. Kwa asilimia 1 ya mwezi inayohesabiwa kwa deni lililobaki, miaka mitatu, ni karibu Sh10,000 kwa mwezi na riba yote pamoja inafika kama Sh59,000. Sasa uliza swali hili kabla ya kusaini mahali popote: riba inahesabiwa kwa deni lililobaki ama kwa ile pesa yote ya mwanzo hadi mwisho? Kwa sababu hio asilimia 12 ya mwaka ikihesabiwa kwa pesa yote ya mwanzo riba inakuwa Sh108,000. Tangazo linaweza kuonyesha asilimia 12 zote mbili na mtu akaona ni kitu kimoja, na sio kitu kimoja hata kidogo. Pia kumbuka ukiwa unalipa mkopo bado unaendelea kuweka akiba yako ya mwezi, kwa hivyo usipige hesabu ya Sh10,000 peke yake ukasahau hio nyingine.

Sacco nayo iangalie vizuri. SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, hutoa orodha ya zenye leseni kila mwaka, tafuta jina la sacco yako humo, usiiamini tu kwa sababu binamu yako ni meneja. Tumeona ya KUSCCO, ukaguzi ukasema zaidi ya Sh13 bilioni zimepotea, na hio ilikuwa mwavuli wa sacco zenyewe. Jua pia tofauti ya hisa na akiba: akiba unarudishiwa ukitoka uanachama baada ya kutoa notisi, hisa hurudishiwi, unaweza tu kumhamishia mwanachama mwingine. Na udhamini, tafadhali, tafadhali. Ukimsainia mtu, akiba yako imefungwa hadi alipe, na akitoroka inakatwa yako. Mwambie shemeji, mwambie ndugu, mwambie mtu wa kanisa, "nitakudhamini kiasi hiki na sio zaidi," na usione haya. Haya imefilisi watu wazuri sana huku.

Haya, sasa deni la simu limeisha, akiba iko, mkopo umekubaliwa, sasa ndio tunaongea ploti, na hapa Nakuru tuko na shida yetu. Mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na kampuni za wanunuzi wa mashamba, watu wakapewa cheti cha hisa na karatasi ya baloti, yaani ya kura ya kugawiana sehemu, na hadi leo kuna familia ziko na hizo karatasi tu. Mtu anakuja kukuuzia ploti kwa cheti cha hisa, bei ni rahisi, unashawishika. Cheti cha hisa sio hati miliki. Inaonyesha mtu ana haki kwa kampuni, lakini hujui kama hio sehemu imepimwa, kama kuna mwingine ana cheti cha sehemu hio hio, kama kampuni iko na kesi kortini. Mimi ningelipa zaidi kidogo nipate yenye hati, hata kama ni mbali zaidi na lami.

Na hati yenyewe usiiamini kwa macho. Fanya upekuzi rasmi wa ardhi, upate jina la mwenye, ukubwa, na kama kuna benki imeshikilia ama kuna zuio. Fanya kabla ya kulipa chochote na urudie siku ya kulipa, juu katikati hapo mambo hubadilika. Kama ni shamba la kilimo, na nyingi za kuelekea Njoro na Bahati bado zimeandikwa hivyo hata kama zimejaa nyumba, mnahitaji ridhaa ya bodi ya ardhi, na bila hio ridhaa mauzo hayana nguvu kisheria. Kama muuzaji ameoa ama ameolewa, hakikisha mwenzake ameandika kukubali, mkae naye ana kwa ana, sio "mama anajua". Ongea na majirani wa hio ploti bila muuzaji kuwa hapo. Mama mwenye kibanda cha mboga pale kona anajua ploti hio imeuzwa mara ngapi.

Mwisho, usitumie mkopo wote kwa bei ya ploti. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na unahesabiwa kwa thamani ambayo mthamini wa serikali ataweka, wakati mwingine iko juu ya bei mliyopatana. Ploti ya Sh600,000 ya mjini ni Sh24,000 hapo peke yake. Ongeza wakili, ongeza mpimaji wa kukuonyesha mawe ya mipaka yenyewe kwa udongo. Hio pesa iwe pembeni kabla hujatoa deposit, kwa sababu nimeona watu wamemaliza kulipa muuzaji na miaka imepita, hati bado iko kwa jina la muuzaji, na sasa muuzaji amezeeka na watoto wake wameanza kuuliza maswali.